Maswali ya Wasomaji: Picha za Video ya Wimbo Hutoka Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za wanafunzi wa filamu na sanaa waliopewa kazi ya kutengeneza video ya wimbo. Kilio chao kinafanana: wimbo upo, kamera ipo, siku zinayoyoma, picha hazijaja. Tumechagua barua saba. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa nyingine zote zinaiegemea.

SWALI: Nina wimbo wa dakika 3 na sekunde 20. Wiki mbili nzima nimetazama video za wasanii nikitafuta wazo, na sasa kila ninalolifikiria nakumbuka nimeshaliona mahali. Nianzie wapi?

JIBU: Funga video za wengine kwa siku chache. Kuzitazama si kosa; kosa ni kuzitazama kabla hujaujua wimbo wako. Kila video uliyoiona ni jibu la wimbo mwingine, wenye kasi yake na sauti yake, na jibu hilo likishakaa kichwani hujipenyeza hata pasipolifaa.

Sikiliza wimbo mara tano, na kila mara uwe na kazi moja tu. Mara ya kwanza fumba macho, usiandike chochote. Mara ya pili shika saa, andika sekunde ambayo kila sehemu inaanzia: utangulizi, ubeti, kiitikio, kipande cha mpito. Mara ya tatu fuata ala moja moja: besi inaingia lini, ngoma zinanyamaza wapi, kuna mlio gani mdogo kule nyuma ambao hukuwahi kuusikia. Mara ya nne shughulika na maneno, lakini dondoa vitenzi na vitu vinavyoshikika tu. "Uchungu" haupigwi picha. "Kufunga mlango" kunapigwa. Mara ya tano tafuta mahali wimbo unapovuta pumzi, kwa sababu kimya cha nusu sekunde mara nyingi ndipo picha kubwa kuliko zote inapokaa.

Kisha tafuta kasi. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 24, wimbo una mapigo 96 kwa dakika. Mwenzako akisisitiza ni 48 au 192, amehesabu nusu au maradufu. Fuateni pigo ambalo mguu hulifuata wenyewe. Tuchukulie ni 96. Sekunde 200 zitakuwa na mapigo 320, yaani mafungu 80 ya mapigo manne manne, na kila fungu ni sekunde 2.5. Chora visanduku 80 kwenye karatasi ndefu, uviwekee mipaka ya sehemu za wimbo. Mpangilio unaweza kuwa hivi: utangulizi mafungu 8, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, mpito 8, kiitikio cha mwisho 16.

Wengi huiruka karatasi hii wakiiona kazi ya mhasibu. Kwa maoni yetu ndiyo inayozaa picha. Ukishaona kwamba mpito una mafungu 8, yaani sekunde 20, huulizi tena "video yangu iwe na nini?" Unauliza "ni kitu gani kinaweza kubadilika ghafla hapa kikadumu sekunde 20?" Swali hilo la pili lina majibu: taa inazimwa, rangi inaondoka, kamera iliyokuwa ikitembea inasimama, mwimbaji anageuka mgongo.

Karatasi ikishakamilika, andika kwa kila sehemu maneno machache kuhusu uzito, joto, umbali na mwelekeo wa sauti. Umbali una faida kuliko vyote. Sauti iliyorekodiwa karibu kabisa na maikrofoni, hadi pumzi na mate vinasikika, humweka msikilizaji sentimita chache kutoka usoni. Sauti yenye mwangwi mrefu humweka kwenye ukumbi mkubwa au bondeni. Sauti ya karibu ukiipa picha ya mtu aliye mbali kilimani, mtazamaji atahisi kuna kitu kimeteguka hata kama hajui ni nini. Unaweza kuutaka mteguko huo. Ila uutake kwa kujua.

Hapo ndipo uende kutafuta picha, na uende kwenye picha zisizosogea. Picha mnato haina muda ndani yake, kwa hiyo muda unautia wewe kutoka kwenye wimbo wako, na matokeo hayawezi kufanana na video ya mtu mwingine. Angalia wachoraji wanaojulikana kwa mwanga: Caravaggio, mwenye giza zito na mwanga unaopiga kutoka upande mmoja, Vermeer, ambaye mara kwa mara dirisha lake liko kushoto, Edward Hopper, kwa mtu mmoja aliyemezwa na kuta tupu. Angalia picha za Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948: nguo yenye maua mbele ya pazia lenye maua, hadi mwili na mandharinyuma vinakaribia kuungana na uso pekee ndio unaojitenga. Mwenzake wa mji huohuo, Malick Sidibé, alipiga picha za vijana wakicheza muziki, na ni darasa zima la namna ya kuonyesha mdundo ndani ya picha isiyosogea. Metropolitan Museum of Art ya New York iliachia huru picha za kazi zake zisizo na hakimiliki mwaka 2017, na makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam nayo yana mkusanyiko mkubwa wa kupakua bure, kwa ukubwa unaokuwezesha kukuza hadi ukaona mpaka kati ya mwanga na kivuli.

Toka pia nje ya sanaa. Picha za darubini, ramani za vina vya bahari, eksirei, michoro ya vitabu vya mashine, ufumaji wa nguo. Mwaka 1787 mwanafizikia Ernst Chladni alichapisha michoro ya mchanga uliojipanga wenyewe juu ya bamba lililokuwa likitetemeka kwa sauti. Kwa mtu anayetafuta sura ya muziki, hiyo ni sauti iliyojichora.

Mwisho, tembea dakika 40 ukisikiliza wimbo kwa sikio moja, la pili uliachie magari. Piga picha 30 kwa sharti moja: mwanga unagusa kitu, na hakuna mtu ndani ya fremu. Sharti la "hakuna mtu" linakuzuia kukimbilia nyuso, ambazo huficha udhaifu wa mwanga na wa mpangilio. Mwanga wowote utakaoukuta njiani ni mwanga unaoweza kuurudia na kuurekodi. Mchoro wa makumbusho haukupi uhakika huo.

SWALI: Tuko wanne kwenye kundi. Tumekusanya picha 140 kwenye simu na kila mmoja anasema zake ndizo video. Tutachaguaje bila kugombana?

JIBU: Mnagombana kwa sababu mnajadili mapenzi, na mapenzi hayana hoja. Chini ya kila picha andikeni sentensi moja inayoanza na "Tunachukua", itaje kitu kimoja tu: mwanga, rangi, umbile la uso wa kitu, nafasi ya mtu kwenye fremu, au mwendo. Kwa mfano: "Tunachukua kivuli kinachoukata uso katikati." "Tunachukua nafasi tupu iliyo juu ya kichwa." Picha isiyopata sentensi ndani ya sekunde 30 iondoke, hata ikiwa nzuri namna gani. Kati ya 140, huenda zikabaki 40.

Kisha zipunguzeni hadi 12 au 16 na muziweke zote juu ya uso mmoja, ukutani au kwenye skrini kubwa. Huo ndio ubao wenu wa picha. Kwenye simu mnaziona moja baada ya nyingine na migongano inajificha. Zikikaa pamoja, ile picha ya mwanga laini wa asubuhi iliyo kando ya nyingine kumi zenye vivuli vikali inajitaja yenyewe.

Fanyeni majaribio mawili. Zigeuzeni zote kuwa nyeusi na nyeupe: zikibaki kijivu kimoja cha katikati, mlikuwa mnavutwa na rangi tu, na video itatoka bapa. Halafu mwiteni mtu ambaye hajausikia wimbo, aseme maneno matatu kuhusu ubao. Mpigieni wimbo, aseme mengine matatu. Orodha hizo mbili zisipokutana hata kwa neno moja, ubao huo ni wa wimbo mwingine.

Andikeni pia makatazo matatu au manne. Hakuna anga. Hakuna kamera ya mkononi kabla ya kiitikio cha pili. Hakuna bluu. Siku ya kurekodi, mtu anapokuja na wazo jipya saa kumi jioni, makatazo ndiyo yanayoamua, na hakuna anayeonekana mbaya kwa kukataa.

SWALI: Wimbo wetu unaimba kuhusu mvua, nasi tuliandika video ya mtu kwenye mvua. Mhadhiri ameirudisha akisema tunatafsiri maneno. Tungefanya nini badala yake?

JIBU: Picha inaweza kurudia maneno, inaweza kuyaongezea kitu, au inaweza kwenda kinyume nayo. Kurudia si dhambi kwa sekunde tatu; kwa dakika tatu kunachosha, maana mtazamaji anapewa kwa macho alichokwisha kupewa kwa masikio.

Kuongezea, uliza mvua inafanya nini. Inalowesha, inachelewesha watu, inafuta alama, inawakusanya wageni chini ya kibaraza kimoja. Chagua tendo moja, uliondoe kwenye maji. Kufuta alama: mwimbaji anaandika ukutani kwa chaki, na kila ubeti unapokwisha mkono wa mtu mwingine unafuta. Tayari una video isiyo na tone la mvua, na kila neno la wimbo linaishi ndani yake.

Njia nyingine ni kuyaacha maneno kabisa ukafuata muziki. Mfano unaostahili kuchunguzwa ni video ya "Around the World" ya Daft Punk, kundi la muziki la Ufaransa, iliyoongozwa na Michel Gondry mwaka 1997. Wimbo una maneno matatu tu, kwa hiyo kila kundi la wachezaji limepewa sehemu yake ya muziki: roboti wanafuata sauti inayoimba, wanariadha warefu wanafuata besi na kupanda na kushuka ngazi kadiri noti zake zinavyopanda na kushuka, wengine wakafuata ngoma, gitaa na kinanda. Usichukue roboti wala ngazi. Chukua swali lililoulizwa: nani ni besi? Kwenye wimbo wako besi inaweza kuwa mlango unaobembea, na ngoma zikawa madirisha yanayowashwa taa. Ukishagawa, kuwa mwaminifu kwa mgao huo hadi mwisho. Makundi mengi huanza hivi kisha kwenye ubeti wa pili mlango unabembea ovyo kwa sababu shoti (kipande kimoja kilichorekodiwa bila kukatwa) ilipendeza, na mtazamaji aliyekuwa ameanza kuielewa lugha yao anaipoteza.

SWALI: Tuna simu moja na chumba kimoja. Mbao za picha tunazoziona zina taa kubwa na majumba. Je, tupunguze ndoto?

JIBU: Badilisheni mnachokitafuta. Acheni kukusanya mahali, kusanyeni tabia za mwanga, kwa sababu mwanga unaingia chumbani.

Balbu moja inatosha kuufanya ukuta mweupe upotee. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiuongeza umbali mara mbili, unabaki robo. Weka taa nusu mita kutoka usoni, na ukuta uwe mita 2 kutoka kwenye taa. Ukuta utapata sehemu moja kati ya 16 ya mwanga unaofika usoni, nao utaonekana kijivu kizito. Ukiendelea kung'aa, sababu ni kuta za pembeni zinazorudisha mwanga. Tundika kitambaa cheusi upande wa pili wa uso. Funga mwangaza, fokasi na rangi ya mwanga kwenye simu kabla ya kurekodi, la sivyo simu itapandisha mwangaza yenyewe katikati ya shoti ikidhani inakusaidia, na giza lote mlilolijenga litageuka chengachenga.

Taa ikitoa mistari inayotembea kwenye picha, ni umeme. Palipo na umeme wa hetsi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), taa nyingi hupiga mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Palipo na hetsi 60, iwe 1/60 au 1/120.

Maji nayo ni hazina. Weka kioo ndani ya sinia, mimina maji ya sentimita 2, ukimulike kwa tochi ya betri kutoka pembeni. Mawimbi ya mwanga yatacheza ukutani au darini. Gusa ukingo wa sinia kwenye kila pigo la kwanza la fungu, na ukuta mzima utafuata wimbo. Tumieni tochi ya betri tu. Taa ya umeme wa ukutani isikaribie maji.

Na kwa wimbo wa mapigo 96 kuna jambo zuri. Kwa fremu 24 kwa sekunde, kila pigo lina fremu 15 kamili, hivyo mikato, yaani mahali shoti moja inapoishia na nyingine kuanza, inaangukia palepale. Kwa fremu 30, pigo lina fremu 18.75 na mikato itatangatanga kidogo. Mkitaka mwendo wa ndotoni huku mdomo ukifuata maneno, rekodini kwa fremu 30, mpigieni mwimbaji wimbo kwa kasi ya asilimia 125, yaani mapigo 120 kwa dakika, kisha muicheze picha hiyo kwa fremu 24 kwa sekunde bila kuondoa fremu yoyote. Mdomo utalingana na wimbo wa kawaida, lakini nywele, nguo na kope vitaenda kwa asilimia 80 ya kasi yake. Mwimbaji afanye mazoezi kwanza; maneno yanayobanana ndiyo yanayomshinda. Na simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe mwanga unapopungua, ndiyo maana mdomo huanza sawa na kufika ubeti wa pili umeachwa nyuma. Tumieni programu ya kamera inayofunga idadi ya fremu, au geuzeni faili ziwe za fremu thabiti kabla ya kuhariri.

SWALI: Nikiipenda shoti ya mtu naweza kuichukua?

JIBU: Wazo kama "mtu anaimba akiwa kinyumenyume" halimilikiwi na mtu. Mpangilio mzima, yaani fremu ileile, vazi lilelile, mwendo uleule na mkato palepale, ni jambo jingine, kisheria na kwa heshima. Kanuni yetu: kutoka chanzo kimoja chukua sifa moja tu, uiunganishe na sifa kutoka vyanzo viwili visivyo video. Na kwenye andiko lako la mradi taja ulikochota. Walimu hawapunguzi alama kwa kutaja. Hupunguza wanapogundua wenyewe.

SWALI: Tunaruhusiwa kutumia picha zilizotengenezwa na akili mnemba kwenye ubao?

JIBU: Muulizeni mwalimu kuhusu kanuni za chuo chenu. Upande wa ufundi, zitumieni kwa tahadhari. Picha hizo mara nyingi zina mwanga usiotoka popote: uso unang'aa kutoka kushoto, kivuli kinaanguka kushoto pia. Mkijaribu kuurudia kwa taa halisi mtapoteza siku nzima. Kila picha ya namna hiyo ichoreeni mshale unaoonyesha taa ilipo. Mkishindwa kuuchora, itoeni.

SWALI: Tumekubaliana wazo. Tutajuaje kama litabeba wimbo mzima kabla ya kurekodi?

JIBU: Lipimeni kwa picha mnato. Piga picha au chora fremu kwa kila shoti, hata watu wa vijiti wanatosha, uziweke kwenye programu ya kuhariri juu ya wimbo kwa muda halisi. Tazameni mara moja bila kusimamisha, kila mmoja akiandika sekunde aliyochoka. Kwa wimbo mliopima kama ule wa barua ya kwanza, tegemeeni kuchoka karibu na dakika 2 na sekunde 20, kiitikio cha pili kinapokwisha. Hapo wazo limeshasema yote. Dawa si kuongeza wazo la pili. Rudini nyuma mkanyime kiitikio cha kwanza kitu fulani: rangi moja, shoti pana, mtu wa pili. Kitu hicho kiingie kwenye kiitikio cha mwisho, ambacho kina sekunde 40 na kinahitaji chakula.

Hesabuni na kazi. Shoti za wastani wa sekunde 4 kwa sekunde 200 ni shoti 50. Zikitoka kwenye mipangilio 15 ya kamera na taa, kwa dakika 20 kila mmoja, ni saa 5 bila mapumziko wala kosa. Mkiwa na saa 4 tu za mwanga wa dirisha, punguzeni mipangilio sasa. Mkisubiri siku yenyewe, mtakaoukata ni ule mpangilio mgumu, na mara nyingi mgumu ndio uliobeba wazo.

Kisha rekodini kiitikio kimoja cha majaribio, sekunde 20, mahali penyewe na saa yenyewe. Kitazameni bila sauti kwenye skrini ya simu, pamoja na sekunde chache za ubeti kabla yake. Mtu asiyejua mradi wenu akiweza kuonyesha kwa kidole kiitikio kilipoanzia, endeleeni kurekodi. Akishindwa, rudini kwenye ile karatasi ya visanduku 80 muangalie ni kitu gani kinachobadilika kwenye sauti hapo ambacho kamera yenu haikukijali.